Kuona vizuri ukiwa ndani ya gari la spoti: mwongozo kwa madereva wa Lubumbashi

Gari la spoti hutengenezwa likiwa chini, paa limeinama, madirisha ni membamba na kiti kimezama sakafuni. Umbo hilo hulisaidia gari kushika barabara na kupasua upepo, lakini humnyima dereva sehemu kubwa ya yale ambayo dereva wa Prado huyaona bila jitihada. Hapa Lubumbashi tatizo huongezeka kwa sababu mbili ambazo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya au Japani haina haja ya kuzitaja. Mengi ya magari haya yametoka Japani yakiwa na usukani wa kulia, ilhali sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Tena barabara hiyo tunagawana na malori ya madini, pikipiki za teksi, baiskeli zilizobeba magunia ya makaa na watu wanaovuka mahali popote. Sehemu kubwa ya upofu wa gari, yaani maeneo ambayo dereva hayaoni, inaweza kuondolewa bila kununua kitu, kwa kupanga kiti, retroviza (vioo vya kutazamia nyuma) na nafasi yako barabarani, na mwenye usukani wa kulia anapaswa kuushughulikia upande wake wa kushoto kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na kiti

Madereva wengi wa magari haya hulaza kiti nyuma na kukishusha hadi mwisho, wakiiga mkao wa madereva wa mashindano. Katika uwanja wa mashindano hakuna mtoto anayevuka wala mwenye pikipiki anayetokea pembeni, na kila gari huelekea upande mmoja. Barabarani mkao huo hukupotezea sentimita kadhaa za kimo cha macho, nazo ni sentimita ambazo gari lako halina za kutupa.

Keti ukiwa umeegemeza makalio na mgongo wote kwenye kiti, kisha simamisha mgongo wa kiti mpaka kichwa kikae wima bila shingo kujikaza. Pandisha kiti kadiri inavyowezekana, ukibakiza nafasi ya ngumi moja kati ya kichwa na paa, kwa sababu matuta na mashimo yetu hukurusha juu. Kati ya kifua na katikati ya usukani pawe na angalau sentimita 25, ili mfuko wa hewa ukifumuka usikuumize. Shusha usukani mpaka ukingo wake wa juu usikate barabara unapotazama mbele.

Ikiwa kiti hakipandi, fundi mwenye ujuzi anaweza kukiinua kwa vipande vya chuma vinavyowekwa chini ya reli zake, akitumia boliti ndefu zaidi zenye uimara ule ule wa zile za kiwandani. Sishauri mto laini wa kukalia: hubonyea unapofunga breki kwa nguvu, mwili ukateleza chini ya mkanda, na mkanda ukapanda tumboni badala ya kubaki kwenye mifupa ya nyonga.

Ukimaliza, pima upofu wa gari lako mwenyewe. Mwombe mtu asimamishe chupa ya maji ya lita moja na nusu chini, mbele ya boneti, kisha aisogeze mbali na gari hatua kwa hatua mpaka uione kutoka kitini. Fanya hivyo hivyo kwenye kona zote nne na nyuma ya gari. Vipimo hivyo huwashangaza hata waliolizoea gari lao kwa miaka mingi, na ndivyo vitakavyokuambia mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kusimama asionekane.

Kupanga retroviza

Wengi wetu tulifundishwa kupanga retroviza za pembeni ili tuone robo ya ubavu wa gari letu. Mpango huo huonyesha mambo yale yale ambayo kioo cha ndani kinayaonyesha tayari, na huliacha wazi eneo la pembeni ambamo pikipiki hujificha. Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani George Platzer alieleza mpango mwingine katika andiko lake kwa chama cha wahandisi wa magari, nao umekuwa maarufu tangu wakati huo. Egemeza kichwa kwenye dirisha la upande wako, kisha sukuma retroviza ya upande huo nje mpaka ubavu wa gari uonekane kwa shida kwenye ukingo wake. Baada ya hapo inamia katikati ya gari, usawa wa kioo cha ndani, na upange retroviza ya upande wa pili kwa namna hiyo hiyo. Ukirudi kuketi wima hutauona ubavu wa gari lako kabisa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ujaribu mpango huo gari likiwa limesimama kando ya barabara yenye magari mengi, kwa mfano barabara ya Kasapa. Gari linalokupita linapaswa kuanza kuonekana katika retroviza ya pembeni kabla halijatoka kabisa katika kioo cha ndani, na kuonekana kwa jicho kupitia dirisha kabla halijatoka katika retroviza. Pakiwapo kipindi ambacho halionekani popote, sogeza retroviza kidogo na urudie.

Hapa lazima niweke sharti ambalo wanaousifu mpango huo mara nyingi hulisahau. Unategemea kioo cha ndani kinachoona vizuri nyuma, na magari mengi ya spoti hayana kioo cha namna hiyo. Dirisha la nyuma linaweza kuwa jembamba mno, bawa la nyuma likalikata katikati, au injini ikawa imekaa nyuma ya viti. Lamborghini Countach za kwanza, za mwaka 1974, zilichongwa mfereji kwenye paa kwa ajili ya kioo cha periskopu, kwa kuwa nyuma hapakuonekana karibu kitu. Ikiwa kioo chako cha ndani kinaonyesha chini ya nusu ya barabara iliyo nyuma, usizisukume retroviza mpaka mwisho. Bakiza ukanda mwembamba wa ubavu wa gari, kisha bandika kioo kidogo cha mbinuko, yaani kilichobinuka nje, kwenye kona ya juu ya nje ya kila retroviza. Vioo hivyo ni vya bei nafuu, na kwa gari la aina hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kamera nyingi zinazouzwa mjini.

Angalia pia aina ya kioo ulichonacho. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, kama vile Mustang au Camaro, lina retroviza bapa upande wa dereva, kwa kuwa sheria ya kule inataka hivyo. Kioo bapa huonyesha umbali kwa usahihi lakini huona eneo jembamba, nyuzi 15 hadi 17 hivi. Gari la Japani au Ulaya kwa kawaida lina vioo vya mbinuko pande zote mbili, ambavyo huona eneo pana zaidi, ila huonyesha vitu vikiwa vidogo na kana kwamba viko mbali. Anayehama kutoka kioo bapa kwenda kioo cha mbinuko anapaswa kujizoeza kwa siku kadhaa kabla ya kuyaamini macho yake anapobadilisha mstari.

Hakuna mpango wa vioo unaoondoa haja ya kugeuza shingo. Kabla ya kuhama mstari tazama kioo cha ndani, kisha retroviza, kisha tupa jicho la haraka kupitia dirisha la nyuma la upande unaokwenda. Mwenye usukani wa kulia anayehamia kushoto hukutana na abiria wake na nguzo pana ya nyuma. Mwombe abiria aegemee kiti na asikuzibe. Wewe nawe sogeza mabega mbele kidogo kabla ya kugeuka, ndipo utakapoipata nafasi iliyo kati ya kiti na nguzo.

Nguzo za mbele kwenye makutano

Nguzo zinazoshika kioo cha mbele zimenenepa kwa sababu nzuri. Mwaka 2009 Marekani ilipandisha kiwango cha uimara wa paa, kutoka mara moja na nusu ya uzito wa gari hadi mara tatu kwa magari ya kawaida, na magari mengi sasa hubeba mifuko ya hewa ya pembeni kwenye kingo za paa. Gari likibiringika, chuma hicho huokoa maisha. Siku nyingine zote huziba njia.

Chukua nguzo yenye upana wa sentimita 10, iliyoko sentimita 60 kutoka machoni. Kwa jicho moja, huficha eneo la zaidi ya mita 3 kwa umbali wa mita 20. Macho mawili husaidiana kwa kuwa yametengana kwa sentimita 6 na nusu hivi, lakini hata hivyo hubaki ukanda wa takriban mita 1 na robo ambao jicho lolote haliuoni. Mtu hutoshea humo, na baiskeli inayokuja kuelekea kwako hutoshea, pamoja na pikipiki na abiria wake.

Hatari huwa kubwa zaidi pale wewe na mwenye pikipiki mnapoyakaribia makutano mkiwa na mwendo unaolingana. Anabaki nyuma ya nguzo ile ile kwa sekunde kadhaa, gari lako linasogea na yeye anasogea, nguzo inaendelea kumfunika mpaka mwisho. Ndiyo sababu madereva waaminifu kabisa husema kwamba pikipiki ilitokea ghafla. Dawa yake ni kuusogeza mwili. Unapokaribia makutano au mzunguko, inama mbele kuelekea usukani, kisha rudi nyuma, ukitazama pande zote mbili za kila nguzo. Sentimita 10 za kusogeza kichwa zinatosha kukifichua kilichofichwa. Punguza mwendo mapema badala ya kufunga breki mwishoni, kwa kuwa kubadilika kwa mwendo wako pia humtoa mwenye pikipiki nyuma ya nguzo. Mahali penye msongamano, kama soko la Kenya hapa mjini, ningependa ufanye hivyo kila unapoondoa gari, hata kama umesimama kwa muda mfupi tu.

Ondoa vitu vinavyoning'inia kwenye kioo cha ndani, na simu iliyobandikwa karibu na nguzo. Havina kazi pale.

Malori na usukani wa kulia

Kulipita lori ndilo jambo ninalolihofia kuliko yote, na kila anayesafiri kwenda Likasi au Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anajua sababu. Dereva mwenye usukani wa kushoto, akiwa nyuma ya lori, husogea kidogo kuelekea katikati na kuona kama barabara iko wazi. Dereva mwenye usukani wa kulia amekaa upande wa ukingo wa barabara, kwa hiyo ili aone ni lazima sehemu kubwa ya gari lake iingie kwanza katika njia ya wanaokuja. Katika gari la spoti macho yake yapo karibu mita 1 tu juu ya lami, kwa hiyo hawezi kuona juu ya kitu chochote, na boneti ndefu humsukuma nyuma zaidi.

Suluhisho ni kurudi nyuma. Ukiwa karibu na lori unaona mlango wake wa nyuma tu. Ukiwa mbali, lori linakuwa dogo katika kioo chako cha mbele na barabara inafunguka pande zote mbili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 ni sawa na takriban mita 67, na huo ndio umbali wa chini ninaoushauri kwa gari la chini lenye usukani wa kulia. Wengine wataingia katika nafasi hiyo. Waache waingie, rudi nyuma tena.

Tumia kona za kulia. Barabara inapopinda kulia, wewe uliyekaa kulia unaona ukingoni, kando ya lori, mpaka mbali, kuliko anavyoona dereva wa usukani wa kushoto. Usipite kwenye kona hiyo. Itumie kusoma kinachokuja, ili ukifika sehemu iliyonyooka uwe tayari unajua kama kuna gari jingine. Kona ya kushoto haikuonyeshi kitu, kwa hiyo ndani yake usipange lolote. Abiria aliyekaa kushoto anaweza kukusaidia kusema kwamba kuna gari linakuja, na maneno yake ya "subiri" yafuate mara moja. Maneno ya "pita" yasikutoshe hata kidogo, maana yeye hajui gari lako linahitaji mita ngapi, na mara nyingi hawezi kukadiria mwendo wa anayekuja.

Kisha fikiria yule aliye juu ya lori. Malori mengi yanayoingia Kongo kupitia Kasumbalesa hutoka Zambia, Tanzania au Afrika Kusini, nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia. Upande wao wa kushoto ndio upande wasiouona vizuri, nao ndio upande unaopitia wewe unapolipita lori katika nchi yetu. Gari la chini, likiwa sambamba na kabini, linaweza kupotea kabisa machoni pa dereva huyo. Kwa hiyo usikae kamwe ubavuni mwa lori. Piga honi na uwashe taa kabla ya kuanza, pita moja kwa moja bila kusita, na usirudi upande wa kulia mpaka uone taa zote mbili za lori katika kioo chako cha ndani. Ukishindwa kupita, rudi nyuma yake. Mahali pabaya zaidi pa kusubiri ni katikati.

Kwenye msongamano wa mjini kanuni ni ile ile kwa udogo: ikiwa huoni retroviza za lori, dereva wake hakuoni. Usisimame chini ya pua yake wala karibu na magurudumu yake ya nyuma linapogeuka.

Taa

Taa za magari ya Japani zimetengenezwa kwa watu wanaoendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wao wa chini hupanda juu kidogo upande wa kushoto ili kuumulika ukingo wa barabara. Hapa kwetu upande wa kushoto ndio wanakotokea wenzako. Unawapofusha, huku ukingo wa kulia wanakotembea watu na baiskeli usiku ukibaki gizani. Katika jiji ambalo umeme hukatika na mitaa mingi haina taa, jambo hili lina uzito.

Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali palipo tambarare, washa mwanga wa chini na utazame mstari unaotenganisha mwanga na giza. Ukipanda upande wa kushoto, taa si za barabara zetu. Suluhisho bora ni taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Baadhi ya taa za projekta zina wenzo mdogo ndani unaogeuza mwanga, na fundi wa umeme wa magari anaweza kukutafutia. Ikiwa hayo yote hayapatikani, shusha taa mpaka mstari wa mwanga uwe angalau sentimita 5 chini ya kimo cha taa kwenye ukuta huo, na ukubali kwenda polepole zaidi usiku. Usiweke balbu zenye nguvu zaidi katika taa zisizotengenezwa kwa ajili yake; zinawaumiza wengine macho na hazikuongezei uwezo wa kuona.

Vumbi, moshi na mvua

Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu hutanda, na moto wa majani huongeza moshi kando ya barabara kuu. Katika gari la chini unasafiri ndani ya wingu ambalo dereva wa lori analitazama kutoka juu. Washa mwanga wa chini hata mchana, ili wengine wakuone, kwa kuwa taa ndogo za mbele hazitoshi na taa za nyuma za magari mengi haziwaki mpaka uziwashe mwenyewe. Usiwashe mwanga mkali. Vumbi huurudisha machoni pako.

Kioo cha mbele cha gari la spoti kimelala sana, kwa hiyo hubeba vumbi jingi na huakisi dashibodi. Dashibodi yenye rangi nyeusi isiyong'aa ndiyo inayofaa, na mafuta ya kung'arisha plastiki yaachwe dukani. Ndani ya kioo hujengeka ukungu wa mafuta unaotoka kwenye plastiki inapopata joto; usafishe kila wiki kwa kitambaa safi na maji yenye siki kidogo. Utaona faida yake jioni ukielekea Likasi, wakati jua la Juni na Julai linapokuwa mbele yako, kushoto kidogo, na kila alama ya kidole kwenye kioo inageuka pazia.

Badilisha mipira ya waipa kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa jua la kiangazi huikausha na kuipasua. Kioo kikishika mvuke, washa kiyoyozi pamoja na hewa ya joto na uielekeze kiooni, maana kiyoyozi hukausha hewa. Kuhusu karatasi nyeusi za madirisha, rai yangu ni kuziondoa kwenye madirisha ya mbele. Tangu mwaka 2017 Ufaransa hudai madirisha hayo yapitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, na kwa gari ambalo tayari lina madirisha membamba hicho ndicho kiwango cha chini kwa akili ya kawaida.

Kurudi nyuma

Ingia kwenye maegesho kinyumenyume, ukiwa umeshaliona eneo lote ulipokuwa unapita, ili utoke ukitazama mbele. Kamera ya nyuma husaidia, nayo imekuwa lazima kwa magari mapya madogo Marekani tangu Mei 2018, lakini vumbi letu huifunika kwa siku moja. Ifute kila asubuhi pamoja na taa. Katika ua la nyumba yenye watoto, mtu mzima asimame nje, upande ambao unamwona, na gari lisisogee asipoonekana.

Kama bado unachagua gari

Usinunue kwa picha. Toyota 86 ya mwaka 2012 na pacha wake Subaru BRZ huonyesha nje vizuri kwa magari ya kundi lao, wakati Camaro ya mwaka 2010 na ile ya 2016 zimelaumiwa sana kwa madirisha yake membamba, na Nissan 350Z ina nguzo nene za nyuma. Keti, panga kiti kama nilivyoeleza, tazama nyuma juu ya bega la kushoto, kisha omba kuliendesha jioni baada ya giza kuingia, kwa sababu kasoro za taa, karatasi nyeusi na kioo kilichokwaruzwa hazijionyeshi mchana. Muuzaji asiyekubali gari lake lijaribiwe usiku, mwache na utafute mwingine.